Hasara ya Genge Niliyomtwika Shemeji

Wiki haipiti bila mmoja wenu kuja kukaa na mimi barazani na kuniuliza kama genge la matunda na mboga linalipa. Mnakuja na simu mkononi, hesabu mmeshapiga. "Mzee Shomari, tenga la nyanya nachukua elfu arobaini, nikipanga mafungu natoa elfu sitini na tano. Si nina elfu ishirini na tano yangu hapo?" Mkishasema hivyo mnaniangalia kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Mimi huwa naagiza chai kwanza. Hesabu hiyo naijua. Niliipiga hivyohivyo kwa miaka mingi, tena kwa kujiamini, na ndiyo iliyonifanya nimwite mwizi mke wa marehemu mdogo wangu mbele ya wateja, mchana kweupe. Leo nitawaeleza yote, na kwenye aibu msinionee huruma. Nisikilizeni tu.

Genge langu lilikuwa Ilala, chumba kimoja kinachotazama barabara, mtaa wa pili kutoka sokoni. Mbele nilikuwa na meza ya mbao iliyoinama kidogo ili mteja aone nyanya zote kwa pamoja. Nyuma kulikuwa na kreti za soda zilizopinduliwa, hapo tunaweka ndizi, maembe, mapapai. Mzigo nilichukua Kariakoo na mara nyingine Buguruni, alfajiri, siku nne kwa wiki.

Kazi yenyewe niliijua, sitajidharau huko. Ukifika kwa muuzaji wa jumla usihangaike na nyanya za juu, zile amezipanga za kupiga picha. Ingiza mkono pembeni mwa tenga mpaka chini. Mkono ukitoka umelowa, hamia kwa mwingine, hata kama huyu anakuita mjomba. Mchicha unanyunyiziwa maji, hauloweshwi, ukiloweshwa unageuka uji kabla ya adhuhuri. Parachichi usiziweke karibu na ndizi zilizoiva kama huna wateja wa siku hiyohiyo, maana zitaivishana zote kwa pamoja, na wewe utabaki unagawa.

Kugawa nako nilikujua sana. Mwaka wangu wa pili nilibeba matikiti arobaini Kariakoo kwa sababu bei ilianguka. Kumbe ilianguka kwa sababu mvua ilikuwa imeanza, na mtu wa Dar mvua ikinyesha hataki tikiti, anataka tangawizi. Nikayakata vipande, nzi wakaja kuliko wateja. Mwisho nikayapeleka msibani mtaa wa jirani, watu wakala, wakaniombea dua, wakasema Shomari ana mkono wazi. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Sikuandika popote kwamba siku ile nimepoteza mtaji wa wiki nzima. Daftari lenyewe sikuwa nalo. Hesabu zangu zilikuwa kwenye droo: ikijaa tumeuza, ikipungua biashara ngumu.

Sasa nije kwa Tatu, shemeji mwenyewe. Mdogo wangu alimwoa kutoka Lindi, wakakaa miaka tisa, kisha mdogo wangu akafariki. Tatu akabaki na binti mmoja anayesoma na chumba cha kupanga. Nikamwambia shemeji, njoo ukae gengeni, nitakulipa kila Jumamosi. Watu walinisifu kwa hilo pia.

Alikuwa na mkono wa kazi ile kuliko mimi. Nyanya zikishuka tu alizitenga makundi matatu. Ngumu za kesho, zilizoiva za leo, na zile laini zilizopasuka, masalo, za kumpigia simu mama ntilie azichukue kwa bei ya chini kabla hazijawa takataka. Aliwajua wateja kwa mapishi yao. "Dada, leo si unapika mlenda? Bamia ndogo hizi hapa." Mteja aliyekuja kununua kitunguu kimoja aliondoka na mfuko. Akina mama wa mtaa walimpenda, wakamfanya mweka hazina wa kikoba chao. Sanduku la hela za wanawake ishirini na kitu lilikaa chini ya kitanda chake, na hakuna aliyewahi kulala na wasiwasi.

Mambo yalianza pale nilipotaka kuongeza chumba cha pili. Nilitaka friji na mashine ya juisi, niwe na duka hasa, lenye kibao. Nikasema ngoja nione genge linaniachia kiasi gani. Nikapiga hesabu kama zenu. Mzigo wa wiki naununua kwa kiasi hiki, nauza kwa kiasi kile, natoa mshahara wa Tatu, inabaki laki mbili. Kila wiki laki mbili! Nikafungua droo Jumamosi, nikakuta elfu thelathini.

Wiki iliyofuata vilevile. Ya tatu, elfu ishirini na nane.

Angalieni hapo. Gharama pekee niliyoikumbuka kuitoa ilikuwa mshahara wake. Kwa hiyo hela ilipopungua, mtu pekee aliyenijia kichwani alikuwa yeye. Nilianza kumtazama mikono. Nilijificha duka la simu lililokuwa ng'ambo ya barabara nimchungulie anavyorudisha chenji. Sikuona kitu, na badala ya kutulia nikazidi kuamini kwamba ni mjanja.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, gengeni pamejaa. Nilikuwa nimetoka kuulizwa na mwenye nyumba kama chumba cha pili bado nakitaka au ampe mwingine. Nikaingia gengeni na hasira zangu, nikasema kwa sauti, "Tatu, hela zangu zinakwenda wapi?"

Akashtuka. "Hela zipi, shemeji?"

"Laki na sabini kila wiki. Unazipeleka wapi?"

"Shemeji, hapa pana watu. Tuingie ndani tuzungumze."

"Nataka wasikie."

Nikachukua mkoba wake uliokuwa umetundikwa msumarini, nikaumwaga juu ya meza, juu ya nyanya. Vikatoka vidonge vya presha, funguo, picha ndogo ya mdogo wangu, shilingi elfu mbili na mia tatu, na mfuko wenye nyanya masalo, kama nusu kilo hivi.

Nikaunyanyua ule mfuko. "Mnaona? Mnaona wenyewe?"

Tatu alisema taratibu, "Asubuhi uliniambia nichukue kabla hazijaoza."

Nami nikasema, "Sijasema."

Nilikuwa nimesema, wanangu. Asubuhi ileile, nimesimama palepale, nikamwambia shemeji, hizi beba ukapikie mboga. Nilikumbuka kabla hajamaliza sentensi yake. Lakini watu kumi walikuwa wananitazama, na nilishanyanyua mfuko. Nikasema sijasema.

Aliokota picha kwanza, akaifuta maji ya nyanya kwa khanga, kisha vidonge, kisha funguo. Elfu mbili na mia tatu aliziacha mezani. Akaondoka.

Nilidhani nimemaliza, lakini sikuwa nimeridhika, nilitaka hela zangu zirudi. Nikaenda kwa Maalim Idrisa, anayefundisha watoto Kurani mtaani kwetu, nikamwambia nataka isomwe Albadiri, aliyechukua mali yangu aonekane. Mlio wageni wa mambo yetu ya Pwani mjue tu kwamba kisomo hicho watu wanakiogopa, wanaamini humdhuru aliyeiba. Nilitaka Tatu asikie kwamba kinaandaliwa aje mwenyewe kukiri.

Maalim huyu kabla ya kufundisha aliuza nazi Kariakoo miaka mingi. Akaniuliza, "Umeibiwa kiasi gani?"

"Laki na sabini kwa wiki, Maalim."

"Umejuaje?"

Nikamweleza hesabu yangu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Guta linalokuletea mzigo, unalilipa nini?"

"Inategemea."

"Kuli?"

"Kidogo tu."

"Nyanya zinazooza?"

"Hizo ni bahati mbaya tu."

"Shomari, mimi siwezi kusoma juu ya kichwa cha mtu kwa hesabu ya inategemea. Nenda kanunue daftari. Siku thelathini, kila shilingi inayotoka uiandike, na kila kitu kinachotoka bila shilingi kiandike pia. Ukirudi na wizi ndani ya daftari, tutazungumza."

Nilitoka kwake nimenuna. Daftari nikalinunua kwa ubishi tu, ili nimwonyeshe. Mke wangu, Mama Asha, akakaa gengeni badala ya Tatu, na nikampa kila Jumamosi hela ileile niliyokuwa nampa shemeji. Nikaanza kuandika.

Wiki ya kwanza niliona tabu, nilisahau nusu. Ya pili nikazoea. Kufika wiki ya nne kalamu ilikuwa sikioni kama fundi seremala. Jumamosi ya mwisho, baada ya swala ya alasiri, nikakaa na Mama Asha kwenye kreti, nikajumlisha.

Guta, kuli na ushuru wa soko, safari nne kwa elfu tisa tisa, elfu thelathini na sita. Vilivyooza na vilivyouzwa kwa bei ya kutupa, elfu arobaini na tano, na hapo zilizidi kidogo kwa sababu aliyejua kuzitenga nyanya nilishamfukuza. Kodi ya chumba, ukiigawa kwa wiki, elfu thelathini. Umeme, maji, mlinzi wa mtaa na mzoa taka, elfu kumi na nne. Mifuko, elfu sita. Chai yangu, chapati, na soda za jamaa waliokuja kupiga soga, zote kutoka kwenye droo, elfu kumi na nne. Na mboga na matunda yaliyobebwa kila siku kwenda nyumbani kwangu, nyanya, vitunguu, mchicha, ndimu, papai la watoto, elfu ishirini na nne.

Jumla kwa wiki, laki moja na elfu sitini na tisa.

Nilijumlisha tena. Ikaja ileile. Katika laki na sabini niliyomwagia mkoba wa mtu juu ya meza, ilibaki elfu moja isiyojulikana ilikokwenda, na Tatu hakuwa amekanyaga gengeni mwezi mzima.

Mama Asha alilitazama daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa mboga za nyumbani. "Mume wangu," akasema, "mwizi wako nampikia mimi kila siku."

Hakucheka. Nami sikucheka.

Mngetegemea niseme kwamba nilivaa kanzu palepale nikaenda kumwomba radhi. Hapana. Hapa ndipo ninapoona haya zaidi kuliko pale kwenye meza. Pale nilikosa kwa hasira na kwa ujinga, lakini sasa nilikuwa najua. Nililifunga daftari, nikamwambia mke wangu tuliache kwanza, nitatafuta siku nzuri. Kwa Maalim sikurudi. Nikikutana naye njiani nilivuka barabara.

Nilichokiogopa kilikuwa kidogo sana ukikitamka. Nikimsafisha Tatu itabidi nieleze hela zilikwenda wapi, na mtaa mzima utajua kwamba Mzee Shomari, mwenye genge miaka yote hiyo, anayewapa ushauri wengine, hakujua kwamba guta lina gharama. Basi kwa ajili ya hilo nikamwacha mwanamke abebe jina la mwizi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ndiyo kwanza umeandama. Ukapita, ukaja Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, ukapita.

Genge langu lilipona upesi mno, na hilo liliniuma kwa namna yake. Nilianza kununua mzigo na jirani, guta moja tunagawana. Nikapanga masalo zitoke kabla ya saa nne. Mboga ya nyumbani Mama Asha akawa anainunua kama mteja mwingine, anatia hela kwenye droo. Nikaacha tikiti wakati wa mvua. Laki mbili sikuwahi kuiona, msidanganyane, ila themanini, tisini kwa wiki zilianza kubaki. Kila nilipozihesabu nilijua zimetokana na daftari nililolinunua ili nimwangamize mtu.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari kwamba kikoba kimemwondoa Tatu kwenye uweka hazina. Walimfuata nyumbani kwake watatu, wakachukua sanduku, wakahesabu mbele yake, hela zikatimia mpaka senti. Wakalichukua hivyohivyo. "Walimwambia siyo kwamba wanamshuku," Mama Asha akasema, "ni kwa sababu ya maneno ya watu." Akaniangalia. "Maneno ya watu ni yako."

Hata hapo sikwenda.

Kilichonipeleka kilikuwa Buguruni. Nilifuata vitunguu kwa mama mmoja wa jumla, mwanamke mkubwa mchangamfu, sikuwahi kununua kwake kabla. Nyuma yake walikaa wanawake watatu wanamenya vitunguu saumu, wanalipwa kwa kila beseni. Mmoja alikuwa Tatu. Amekonda. Vidole vimebabuka kwa saumu. Akainua macho akaniona.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," nikasema.

Yule mama hakusikia neno shemeji kwa kelele za soko, alidhani ni mteja anasalimiwa. Nikamuuliza, kwa kutafuta tu la kusema, kama wale wasaidizi wake wanamtosha. Akainama kunijibu, lakini watu wenye sauti kubwa hawajui kunong'ona. "Wananitosha. Ila yule wa mwisho namwacha kwenye kumenya tu, mezani simweki. Nasikia huko Ilala alimfilisi shemeji yake."

Tatu alisikia. Nilimwona kisu kikisimama kidogo, kisha kikaendelea. Angeweza kuninyooshea kidole na kusema shemeji mwenyewe huyo hapo, muulizeni. Hakusema. Alimenya.

Nami nililipa vitunguu nikaondoka! Nimefika nao mpaka kwenye guta, nimepanda, tumeshatoka, ndipo nilipomwambia dereva asimame. Nilirudi kwa miguu nikamkuta yule mama, nikamwambia, "Yule aliyemfilisi shemeji yake, shemeji ni mimi. Hakuchukua kitu. Nilisema uongo." Yule mama alinitazama kama nimekunywa pombe. Tatu hakuinua kichwa.

Nikajua hiyo haitoshi, kwa sababu uongo wangu sikuuanzia Buguruni. Mama Asha akamwomba mwenyekiti wa kikoba, Bi Pili, aniruhusu kusema mbele ya wanachama Jumamosi, wanapokutana uani kwake, na amwite Tatu aje. Alikuja, akakaa mwisho wa mkeka karibu na mlango. Nilisimama uani pale na daftari mkononi nikawasomea mstari kwa mstari. Guta. Kuli. Soda za jamaa zangu. Papai la watoto wangu. Wengine waliokuwepo siku ya mkoba walikuwa wamekaa mbele kabisa. Nilipofika kwenye zile nyanya masalo, nikasema, "Nilimwambia mwenyewe achukue. Aliposema kweli nikamkana, na nilikuwa nakumbuka."

Nikageuka kwa Tatu. "Shemeji, naomba radhi."

Akaniuliza jambo moja. "Hesabu hiyo uliimaliza lini?"

Nilitamani kumpunguzia. Ilinijia kusema juzi, wiki iliyopita. "Ramadhani iliyopita," nikasema.

Wanawake walinong'ona. Walikuwa wanahesabu miezi kwa vidole. Tatu naye alihesabu, bila vidole. Kisha akasema, "Haya. Nimekusamehe, shemeji, kwa ajili ya ndugu yako." Bi Pili akatoa sanduku la kikoba akaliweka miguuni pake, akimwomba alirudie. Tatu akalisukuma taratibu kwa mkono, akasema mpeni mwingine, mimi nitaleta hisa zangu kama kawaida.

Gengeni hakurudi. Nilimwomba mara mbili, mara ya pili nikamwambia tuwe nusu kwa nusu. Akasema ahsante. Baadaye alifungua genge lake Buguruni kwa mtaji aliokopa kikobani, na yule mama wa vitunguu akawa anamkopesha mzigo. Lina daftari tangu siku ya kwanza, nililiona limening'inizwa kwa uzi. Masalo hazikai hapo. Binti yake amemaliza chuo.

Kwa hiyo mkiniuliza genge linalipa, ninawajibu ndiyo, linalipa kidogo, kwa mtu anayeandika. Andikeni guta, andikeni kilichooza, andikeni mnachokula wenyewe. Na hela zikipungua, msimtazame aliyekaa mezani mpaka mmemaliza kujitazama.

Mimi na Tatu tunaelewana. Sikukuu huja kutuamkia na sahani ya pilau. Nikiumwa ni wa kwanza kufika. Nami kila nikipita Buguruni hununua kwake, hata kitu nisichokihitaji. Ananipimia vizuri, ananiongeza ndimu mbili, anauliza hali ya Mama Asha. Ila nikitoa hela, hata iwe elfu mbili, haipokei kwanza. Humwita jirani wa meza ya pili, "Bi Mwajuma, njoo mara moja," na Bi Mwajuma anakuja, anafuta mikono, anasimama katikati yetu. Hapo ndipo Tatu anapopokea, anahesabu kwa sauti, ananirudishia chenji kwa sauti, na kuniambia, "Umeona, shemeji? Imetimia."

Nasema imetimia. Nachukua mfuko wangu, naenda.